Nani Kakupa Ruhusa ya Kuandika?

 

Leo siandiki juu ya singo wala mitindo ya shela. Nataka tuzungumze juu ya kalamu, na juu ya wanawake wa Kikristo wa Ulaya ya zamani sana, wale waliokuwa wakijitenga kwa ibada na kusema kwamba Mungu amewaonyesha mambo. Sisi tungewafananisha na masufi. Najua kuna atakayesema, "Hee, mbona umekwenda mbali hivyo?" Nipeni nafasi nifike ninapokwenda.

Yameanza na gauni jeupe. Kazi yangu ni kushona na kukodisha nguo za harusi, na haupiti msimu bila ya mama mmoja kuniuliza kama biharusi kuvaa jeupe ni kuiga watu. Nikaanza kusoma nyeupe hii imetoka wapi. Wengi wanataja harusi ya Malkia Victoria wa Uingereza mwaka 1840. Lakini katika kusoma huko nikakutana na mwanamke mwengine, wa miaka zaidi ya 400 kabla ya Victoria, aliyeshtakiwa mbele ya wakubwa wa dini, na moja ya maswali aliyoulizwa lilikuwa: kwa nini unavaa nyeupe?

Margery na nguo zake

Anaitwa Margery Kempe. Alizaliwa mnamo 1373 katika mji wa bandari wa Lynn, Uingereza. Baba yake aliwahi kuwa meya wa mji. Aliolewa, akazaa watoto 14. Na alikuwa mfanyabiashara, dada zangu. Alianza na kazi ya kutengeneza bia, ambayo kwao wanawake wengi walikuwa wakiifanya, ikamfia mkononi. Akafungua kinu cha kusaga nafaka kinachozungushwa na farasi, nacho kikafa. Baada ya hapo akajitoa katika ibada, akasafiri kuzuru mpaka Jerusalem, Roma na Santiago ya Hispania. Kanisani alikuwa akilia kwa sauti mpaka watu wakakasirika.

Nguo nyeupe kwa desturi yao ilikuwa ya mwanamwali. Margery, mke wa mtu na mama wa watoto, akaivaa, kwa sababu alisema Mungu amemuamrisha. Mwaka 1417 akafikishwa mbele ya askofu mkuu wa York. Akaulizwa habari ya nguo. Kisha msomi mmoja akaleta kitabu, akasoma maneno ya Paulo yanayokataza wanawake kuhubiri. Margery akajibu kwamba yeye hapandi mimbari. Anachotumia ni mazungumzo na maneno mema, na hayo hataacha maisha yake yote.

Huyu Margery hakujua kuandika. Alipotaka habari zake ziwekwe kitabuni ilibidi atafute wa kumuandikia. Wa kwanza alikuwa mtu aliyekaa sana Ujerumani, na alichoandika hakikuwa Kiingereza wala Kijerumani, hakisomeki. Mtu yule akafa. Padri mmoja akakichukua, akakaa nacho miaka, akiogopa, maana Margery alikuwa akisemwa vibaya mjini. Mwishowe, mwaka 1436, akakaa naye na kukiandika upya. Kitabu kikapotea kwa karne nyingi, kikaonekana tena mwaka 1934 ndani ya nyumba ya ukoo mmoja huko Uingereza. Leo wataalamu wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza cha Kiingereza ambamo mtu anasimulia maisha yake mwenyewe. Mke wa watu, muuza bia aliyefilisika!

Mkato mmoja, nguo tofauti

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, kisha nikaenda kozi ya ushoni. Fundi akilitazama gauni huangalia kwanza mshono wa ndani. Nilipoendelea kuwasoma wanawake hawa nikaona kila mmoja nguo yake mbali, lakini mkato ni mmoja.

Kwanza, walijishusha. Hildegard wa Bingen, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1098, alikuwa akisema yeye ni mwanamke asiye na elimu. Margery ndani ya kitabu chake hajiiti "mimi", anajiita kiumbe. Teresa wa Ávila, Mhispania aliyezaliwa 1515, kila mara anajitaja kuwa mwanamke dhaifu na asiyefaa kitu. Walijua kwamba mwanamke akiingia kwa kifua mbele, mlango utafungwa. Wakaingia wameinama, lakini waliingia.

Pili, walisema wameamrishwa. Hildegard alikuwa na umri wa miaka 42, tayari ni mkubwa wa watawa wenzake, aliposema mwaka 1141 kwamba ameamriwa na Mungu aandike anayoyaona. Akakataa kwa woga, akaanguka kitandani mgonjwa, na anasema alipoanza kuandika ndipo nguvu zilipomrudia. Kitabu hicho cha kwanza kilimchukua miaka 10. Teresa yeye aliamriwa na mapadri waliokuwa wakimuungamisha, na anaandika huku akilalamika kwamba kalamu inamtoa kwenye kazi ya kusokota nyuzi, na nyumba yao ni maskini. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu dukani. Mwanamke ana vitabu kichwani na kazi ya uzi inamngoja!

Tatu, walitafuta mashahidi. Hildegard hakuficha daftari chini ya mto. Alimuandikia barua Bernard wa Clairvaux, mtawa aliyekuwa akisikilizwa Ulaya nzima. Habari ikafika kwa Papa Eugenius wa Tatu, na alipokuwa Trier kwenye mkutano wa maaskofu wa mwaka 1147 na 1148, sehemu ya maandishi ya Hildegard ilisomwa mbele yao, akaruhusiwa kuendelea. Tangu hapo aliandika juu ya dini, juu ya miti na dawa, akatunga nyimbo za ibada, akawaandikia wafalme na maaskofu, na uzeeni akasafiri kuwahutubia watu. Alifariki 1179.

Nne, wengi wao walitumia lugha ya nyumbani. Vyuo vikuu vilikuwa vya wanaume, na Kilatini ndicho kilichokuwa ufunguo. Hildegard aliandika Kilatini, na mtawa mmoja aitwaye Volmar akimsahihishia sarufi. Lakini waliomfuatia waliandika lugha ya mama zao. Teresa alikuwa akisoma vitabu vya dini kwa Kihispania. Mwaka 1559 wakubwa wa kuchunguza uzushi wakapiga marufuku vitabu vingi vya namna hiyo, na vyake vikaondoka. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika kwa Kihispania, kwa ajili ya watawa wake wasiojua Kilatini. Wachunguzi wakakichukua na kukizuia kitabu cha maisha yake. Mwaka 1577, huku hicho kikiwa bado mikononi mwao, akakaa akaandika kingine, tena ndicho kinachosifiwa zaidi. Na huku akiandika alianzisha nyumba 17 za watawa. Mikataba, madeni, mafundi wa kujenga, yote juu yake.

Na yuko Catherine wa Siena, Italia, aliyezaliwa 1347. Huyu nampenda kwa sababu ni mtoto wa mpiga rangi nguo. Hakusomeshwa, lakini barua zake kama 380 zimebaki mpaka leo, nyingi akizisema kwa mdomo na wengine wakiandika. Wakati ule Papa alikuwa akikaa Avignon, Ufaransa, badala ya Roma. Catherine akamuandikia arudi, akamfuata huko huko mwaka 1376. Mwaka 1377 Papa akarudi Roma. Sisemi alirudi kwa neno lake peke yake, siasa ilikuwa na mengi. Lakini binti wa mpiga rangi alimwambia Papa wajibu wake, na barua ziko.

Aliyefuta sentensi

Aliyenigusa zaidi ni Julian wa Norwich, Uingereza. Mwezi wa Mei 1373, akiwa na miaka 30, aliugua mpaka watu wakamuita padri wa kumuaga. Katika ugonjwa ule akasema ameonyeshwa mambo 16. Alipopona akaandika kitabu kifupi. Ndani yake anasema: mimi ni mwanamke, sikusoma, ni dhaifu. Kisha anauliza, kwa maana yake, je, kwa kuwa mimi ni mwanamke ndiyo nisiwaambie wema wa Mungu?

Baadaye alijifungia katika chumba kilichoshikana na kanisa, akawa anaswali na kuwanasihi watu kupitia dirishani. Margery naye alikwenda kumuomba ushauri. Kwa miaka karibu 20 Julian aliyafikiria yale aliyoyaona, halafu akaandika kitabu kile upya, kirefu. Na katika kile kirefu, maneno yale ya kujitetea kwa uanamke wake hayamo. Ameyatoa. Mie naisoma hivi: mara ya kwanza aliomba ruhusa, mara ya pili hakuona haja tena. Hicho ndicho kitabu cha kwanza cha Kiingereza tunachokijua kuwa kimeandikwa na mwanamke.

Nisiwadanganye kwamba wote walifika salama. Marguerite Porete aliandika kwa Kifaransa, kitabu chake kikachomwa mbele yake, akaambiwa asikieneze. Akaendelea. Alipokamatwa akakataa kuwajibu wachunguzi. Akachomwa moto Paris tarehe 1 Juni 1310. Kitabu chake kiliendelea kusomwa karne kwa karne bila ya jina lake, mpaka mwaka 1946 mtaalamu wa Kiitaliano, mwanamke, akagundua kuwa ni chake. Na Teresa na Catherine waliopita salama walingoja mpaka 1970 ndipo Kanisa lao likawapa cheo cha Mwalimu wa Kanisa, wanawake wa kwanza kukipata. Hildegard alikipata 2012, zaidi ya miaka 800 baada ya kufa.

Mimi ni Muislamu, na itikadi yao si yangu. Habari za maono yao namuachia Mola anayejua yaliyo vifuani. Ninachokitazama ni njia: mwanamke asiye na cheo, asiye na chuo, neno lake lilipataje uzito?

Na kwetu

Kwetu mlango huu haukuwahi kufungwa na dini. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea hadithi zaidi ya 2,000, na masahaba wakubwa walikuwa wakimuuliza, naye akiwasahihisha. Aya zilizoteremka mwanzo kabisa zimetaja kusoma, zikataja na kalamu.

Desturi ndiyo iliyokuwa ikikaza. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa 1844 hapa hapa Unguja, ameeleza kwamba wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma tu, si kuandika. Akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Alikokwenda baadaye na dini aliyoingia ni habari nyengine. Lakini mfupa ule nikiufikiria, naona kiu ya kalamu haikuwa ya Ulaya peke yake.

Na Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu. Mwaka 1858, mgonjwa, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima, na anaanza kwa kumwambia asogee na wino na karatasi. Kitandani mwa ugonjwa, kama Julian. Anamuusia dini, adabu, na kumtii sana mumewe. Unaweza kukubaliana naye au ukajadiliana naye, lakini tunajua alichosema. Hakuna shangazi wa kumzidishia wala mjomba wa kumpunguzia, kwa sababu kimeandikwa.

Maneno ya mama mkubwa

Sasa nimefika nilipotaka. Mama yangu mkubwa, Allah amrehemu, alikuwa somo. Mabiharusi wengi wa mtaani kwetu wamepita mkononi mwake. Hakuandika hata ukurasa mmoja. Mimi toka mdogo ndiye niliyekuwa nikimshikia chetezo, kwa hiyo nimeyasikia mafunzo yake zaidi ya mtu yeyote aliye hai.

Mwaka jana binti mmoja niliyemshonea gauni alirudi dukani, hata mwaka wa ndoa haujatimia, anataka nimpunguzie dera. Nilipomzungushia futi kamba nikaona mkono wake. Akaniambia wakubwa wa kwao wamemkalisha kikao, wakamwambia arudi akavumilie, "hata marehemu somo alikuwa akisema mke ni kuvumilia."

Dada zangu, damu ilinichemka. Mama mkubwa alikuwa akisema hivyo, ni kweli. Lakini hakuishia hapo. Alikuwa akimshika biharusi kidevu, anamwambia: "Mke husubiri shida, hasubiri kofi. Likikufika la pili, kuna kwenu." Watu walikuwa wamekata nusu ya sentensi kwa mkasi, wakamvisha marehemu nusu iliyobaki.

Nilipolisema hili mbele ya wakubwa nikajibiwa, "Wewe fundi cherehani, nani kakupa ruhusa ya kutuletea maneno?" Sikubishana. Nilikwenda kwa wanawake wanne waliofundwa na mama mkubwa, kila mmoja kwa wakati wake, bila ya kumwambia mwenzake kasema nini. Nikawauliza: alikuambia nini juu ya kuvumilia? Nikaandika kila mmoja alivyosema, mwaka wa harusi yake, na nani alikuwemo chumbani. Watatu wameyakumbuka maneno yale yale ya kofi. Wa nne hakuyakumbuka, nami nikaandika kwamba hakuyakumbuka. Hivyo ndivyo wanazuoni wetu walivyotufundisha kupokea neno: kutoka kwa nani, na nani alikuwepo.

Nikampelekea mama wa yule binti. Aliisoma karatasi mara mbili, hakusema kitu. Jioni ile akakitoa stoo kitanda cha binti yake, akakitandika. Sasa mambo yao yako kwa kadhi, na tunamuombea kheri.

Mimi si shekhe, na hukumu za ndoa waulizwe wenye elimu yake. Lakini nilichokisikia kwa masikio yangu ni amana, na amana haingoji cheti cha chuo. Hilo ndilo nililolipata kwa wale wanawake wa mbali: ruhusa hawakupewa kwanza ndipo wakaandika. Waliandika kwa uaminifu, wakatafuta mashahidi, wakafanya kazi zao, na uzito wa neno ukaja nyuma ya kalamu.

Kwa wewe biharusi

Kama unaolewa msimu huu, tafuta daftari, na siku ya kwanza andika mambo matatu.

La kwanza, mahari yako: kilichotajwa, ulichopewa mkononi, kilichobaki, na nani alishuhudia. Usione haya. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Mahari iliyobaki nayo ni deni.

La pili, vitu vyako ulivyoingia navyo: dhahabu, kitanda, cherehani, mtaji wa biashara. Andika na mwaka.

La tatu, maneno ya mama yako, ya bibi yako na ya somo wako, kama walivyoyasema, yote, si nusu. Muulize akiwa hai, mbele ya shoga yako. Asiyejua kuandika muandikie wewe, na jina liwe lake.

Kuanzia Mfunguo Mosi huu, kila biharusi atakayeshona kwangu nitampa daftari dogo nililolifunika kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni lake mwenyewe. Kurasa zitakuwa tupu. Huko ndani mimi sitakuandikia kitu.

Ya Rabbi wape mabiharusi wetu wanaume wenye huruma, wasamehe wazee wetu waliotutangulia, na maneno yao mema yahifadhi mikononi mwetu. Amin.

Wassalaam alaykum.